Tangi linasema limejaa: shajara ya kidhibiti pampu cha chipu huria, Dodoma

Jumamosi, 10 Mei 2025

Kazi yenyewe ni ndogo. Mjomba ana shamba la zabibu Mpunguzi, ekari moja na nusu, kisima kimoja, tangi la lita 5,000 juu ya mnara wa chuma, na mipira ya matone chini ya kila mstari. Amepogoa mwishoni mwa Aprili, mvua zimekwisha, na mpaka Novemba hakuna la kutegemea kutoka juu. Anataka pampu ijiwashe tangi likipungua, ijizime likijaa, na maji yafunguliwe kwa kufuata unyevu wa udongo badala ya kufuata usingizi wa kijana wa shamba.

Kidhibiti cha kwanza nilimfungia mwaka juzi, kwa bodi ile ndogo ya bluu yenye chipu ya STM32F103, ambayo kiini chake, yaani sehemu inayotekeleza maelekezo, ni Arm Cortex-M3. Kilifanya kazi vizuri mpaka radi ya Januari ilipokimaliza. Nikanunua bodi tatu za aina hiyo hiyo ili nibadilishe. Mbili zikawa bandia: jina lililoandikwa mgongoni ni lile lile, lakini kompyuta ikiiuliza chipu, inajitaja kwa namba nyingine. Nikakaa nikajiuliza nimejifungaje kwenye chipu moja kiasi hiki, mpaka mtu anayeighushi, Mungu anajua yuko wapi, ananipata mimi hapa Chang'ombe.

Ndipo nikarudi kusoma habari za RISC-V, lugha huria ya chipu, safari hii kwa nia ya kuitumia.

Kwa mwenzangu wa karakana ambaye ataisoma shajara hii bila kuijua: kila chipu ina lugha yake ya maelekezo. Jumlisha, soma kumbukumbu, ruka uende pale. Kompyuta nyingi za mezani zinazungumza lugha iliyoanza na Intel 8086 mwaka 1978. Simu karibu zote zinazungumza ya Arm, iliyozaliwa Cambridge, Uingereza, na chipu yake ya kwanza ikawaka mwaka 1985. Lugha hizo zina wenyewe. Arm inaishi kwa kuuza leseni: ukitaka kutengeneza chipu inayozungumza lugha yao unalipa kuingia, kisha unalipa tena kwa kila chipu inayotoka. RISC-V ilianza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa Krste Asanović na wanafunzi wake, akiwemo Andrew Waterman na Yunsup Lee, pamoja na mzee David Patterson. Waliandika lugha mpya na kuiachia dunia. Maelekezo ya msingi ya biti 32 ni 40 tu. Nimeyachapa yote kwenye karatasi moja na kuibandika juu ya meza.

Nimechagua bodi ya Raspberry Pi Pico 2, iliyotoka Agosti 2024. Sababu ni moja. Chipu yake, RP2350, ina viini vinne: viwili vya Arm Cortex-M33 na viwili vya RISC-V vinavyoitwa Hazard3. Kwa wakati mmoja vinafanya kazi viwili tu, na programu unayoipakia ndiyo inayoamua vipi. Yaani ni bodi moja, nyaya zile zile, pini zile zile, lugha mbili. Sijapata kuona mizani ya haki kuliko hiyo. Na Hazard3 si lugha huria tu. Mchoro wake wote uliandikwa na mhandisi Luke Wren na uko wazi, anayetaka kuusoma anausoma.

Bei yake ya kutangazwa ni dola 5. Mpaka ifike mezani kwangu ilikuwa imeongezeka karibu mara tatu. Hiyo haihusiani na RISC-V, ni umbali.

Jumamosi, 24 Mei

Wiki mbili na hata taa haijawaka kwa upande wa RISC-V. Kwa upande wa Arm iliwaka kwa dakika kumi, kwa sababu kompaila ya Arm, ile programu inayogeuza nilichoandika kuwa maelekezo ya chipu, imo kwenye kompyuta yangu tangu nikiwa chuoni. Ya RISC-V ni ya kushusha upya, mamia ya megabaiti, na bando langu la wiki lilikata ikiwa imebaki kidogo. Nikanunua lingine, faili likaanza mwanzo. Mara ya tatu nikaenda kukaa na jamaa yangu mwenye intaneti ya nyaya Area D, nikashusha kila kitu hadi nyaraka, nikaweka nakala kwenye flashi mbili.

Naandika hili kwa sababu watu wakizungumzia ushindani wa chipu huzungumzia kasi. Mimi gharama yangu ya kwanza ya kuhama ilikuwa bando.

Ya pili ilikuwa maktaba, yaani programu zilizokwisha kuandikwa na wengine. Programu ya zamani ilisafisha usomaji wa sensa za unyevu kwa kuita kazi mbili kutoka CMSIS-DSP, maktaba ambayo Arm wanaigawa bure. Bure kabisa, imeandikwa vizuri, na imepimwa. Imetengenezwa kwa ajili ya viini vyao, na hapo ndipo kamba inapofungwa. Unachukua zawadi leo, kesho kutwa unataka kuhama nyumba unagundua zawadi imejengewa ukutani. Nimekaa usiku mmoja nikaandika kichujio changu mwenyewe: chukua vipimo tisa, vipange, toa cha katikati. Mistari thelathini na kitu. Sikuhitaji ile maktaba tangu mwanzo, lakini bila kutaka kuhama nisingelijua hilo.

Jambo jingine la kuandika: viini vya Arm kwenye chipu hii vina kitengo cha hesabu za desimali, Hazard3 haina. Ukiandika hesabu za desimali zitafanyika, ila kwa programu, taratibu. Nimebadilisha unyevu uwe sehemu za elfu badala ya asilimia zenye nukta, na kila kitu kimekuwa namba kamili. Kwa pampu ya maji tofauti haionekani.

Saa 5 usiku taa ikawaka. Kijana wangu wa kazi akasema, "Sasa bosi, si inawaka kama ile nyingine tu?" Ndiyo. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta wiki mbili.

Jumatano, 11 Juni

Tumefunga Mpunguzi. Kisanduku, betri ya volti 12, paneli ya sola ya wati 10, rilei (swichi ndogo ya umeme) inayovuta kontakta, swichi kubwa ya pampu, moduli ya laini ya simu ya kutuma ujumbe, sensa nne za unyevu, na boya la kielektroniki ndani ya tangi. Nguzo ya zamani iliyoshika kisanduku tuliikuta imeliwa na mchwa hadi imebaki ganda. Ukiisukuma kwa kidole inaingia. Tumeweka ya bomba.

Programu inaendeshwa na viini vya RISC-V. Tulipoondoka tangi lilikuwa linajaa, likafurika kidogo kwa sababu nilichelewa kurekebisha boya, kisha pampu ikazima yenyewe. Mjomba kafurahi.

Jumamosi, 14 Juni

Simu ya saa 12 asubuhi.

"Mbukwa, mpwa wangu. Hilo tangi lako linatuma ujumbe kwamba limejaa."

"Vizuri, mjomba."

"Nimepanda ngazi nimeligonga. Linalia kama ngoma."

Siku mbili nzima mizabibu haikupata maji. Kwa zabibu iliyopogolewa wiki chache tu nyuma, siku mbili si mzaha. Nikamwambia kijana wa shamba awashe pampu kwa mkono na mimi nikapanda bodaboda.

Karakana ilikuwa na mafundi watatu nilipopita kuchukua mita, na habari ilikuwa imeshafika. Mmoja akasema kwa upole kabisa, ule upole wa mtu anayekuonea huruma: "Kaka, si nilikuambia? Rudi kwenye Arm. Vitu vya majaribio unavipeleka shambani kwa mzee wa watu." Sikuwa na la kujibu. Nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo, nikashuku kiini, nikashuku kompaila, nikashuku hadi ile karatasi ya maelekezo 40 juu ya meza.

Shambani nikafanya jambo ambalo bodi nyingine isingeniruhusu. Sikugusa waya hata mmoja. Nikapakia programu ile ile iliyojengwa kwa ajili ya viini vya Arm, nikawasha. Tangi tupu. Kisanduku kikasema: limejaa.

Nilicheka peke yangu chini ya mnara.

Nikatoa mita nikapima pini ya boya. Swichi imefunguka, kwa hiyo pini ilipaswa kuwa sifuri au karibu yake. Ilisoma volti 2.3. Nikafuata waya kwenda juu, mita kumi na mbili, hadi pale nilipounganisha waya wa boya na waya wa kushukia. Kiungo nilikifunga kwa utepe wa kawaida, mwenyewe, kwa haraka, jua likiwa kali. Maji yaliyofurika siku ile ya kwanza yaliingia ndani ya utepe na kukaa humo. Maji ya kisima hiki yana chumvi, unayaonja. Yalitengeneza daraja kati ya waya wa volti 3.3 na waya wa ishara. Rezista ya ndani ya chipu, ile inayovuta pini kwenda chini, ni dhaifu, kama kilo-om 50 hivi. Daraja la chumvi lilikuwa na nguvu kuliko yenyewe. Kiini chochote duniani, cha Arm, cha Intel, cha nani, kikisoma volti 2.3 kwenye pini ile kitasema "juu".

Nimekata kiungo, nimechomea upya kwa risasi, nimeziba kwa mpira wa kusinyaa na silikoni, na nimeongeza rezista ya nje ya kilo-om 2.2 kutoka kwenye pini hadi hasi. Sasa hata chumvi ikirudi haitashinda. Nimerudisha programu ya RISC-V.

Jumapili, 15 Juni

Sijalala vizuri, si kwa ajili ya utepe. Ni kwa ajili ya ule upole wa fundi mwenzangu na jinsi nilivyoukubali.

Ile bodi ya bluu ya zamani iliwahi kunisumbua pia. Mwaka wa kwanza ilizima pampu bila sababu mara nne. Sikuwahi hata dakika moja kusema Arm ni mbovu. Nilisema nimekosea nyaya, nikazikagua, nikakuta kapasita imelegea. Chipu iliyozoeleka ikikorofisha tunakagua kazi yetu. Chipu ngeni ikikorofisha tunakagua chipu, na mara nyingi tunaishia hapo. Nadhani huo ndio ukuta wenyewe. Arm haihitaji kufanya lolote kuulinda. Tunaulinda sisi, bure, kwa nia njema, kwa kumwonea huruma anayejaribu.

Ningekuwa na bodi yenye viini vya RISC-V pekee, jana ningeing'oa. Ningewaambia watu watatu kwamba RISC-V bado, hao wangewaambia wengine, na utepe wangu wa shilingi mia tano ungekuwa ushahidi dhidi ya kazi ya Berkeley.

Jumamosi, 5 Julai

Sensa za mistarini. Nataka kila mstari uwe na chipu yake ndogo, isiyo na thamani ya kuibwa, ya kusoma unyevu na kuusukuma kwenye waya mmoja. Nimeleta CH32V003 za kampuni ya WCH ya Nanjing: RISC-V, megahezi 48, kilobaiti 16 za programu, kilobaiti 2 za kumbukumbu. Ukizinunua kwa wingi kiwandani ni kama senti kumi za dola kwa moja. Ina rejista, yaani visanduku vya kushikia namba ndani ya kiini, 16 badala ya 32, kwa sababu lugha yenyewe inaruhusu toleo lililopunguzwa kwa ajili ya vitu vidogo namna hii.

Hapa niseme jambo ambalo hata mimi lilinichanganya. Chipu hii ni ya RISC-V lakini si chipu huria. Lugha ni ya wote. Kiini kilichomo ndani ni mali ya WCH na mchoro wake hauonekani. Ni kama Kiswahili: hakuna anayekimiliki kwa kukiongea, lakini barua uliyoiandika kwa Kiswahili ni yako. Watu wanasema "chipu huria" kwa mambo manne tofauti: lugha, mchoro wa kiini, mchoro wa chipu nzima, na siri za kiwanda cha kuichapa. Hazard3 imefika la pili. La nne karibu hakuna aliyefika. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walifungua kanuni za uchapaji wa nanomita 130, mtu wa kawaida akaweza kuchora chipu na kuichapisha pamoja na wenzake kwenye kipande kimoja cha silikoni. Kampuni iliyokuwa inakusanya michoro hiyo, Efabless, ilifunga milango Machi mwaka huu. Mradi wa Tiny Tapeout uliokuwa unapitia humo umeelekea viwanda vingine, ikiwemo taasisi ya IHP ya Ujerumani. Kwa hiyo njia ipo, ni nyembamba, na nanomita 130 ni teknolojia ya miaka ya 2000 mwanzoni. Kwa pampu ya mjomba inatosha na kubaki.

Turudi mezani. Kupakia programu kwenye CH32V003 kunahitaji kifaa chake maalumu. Nilikiagiza, mzigo ukakwama njiani, kila nikiuliza naambiwa kesho. Wiki ya nne kijana wangu akaja na simu mkononi: kuna watu wameandika programu ya kuigeuza Arduino Uno, bodi ya kujifunzia ya kawaida, kuwa kipakiaji cha chipu hii. Ninazo Uno mbili kwenye droo, moja imeungua upande wa soketi. Tukapakia programu hiyo kwenye Uno, tukaunganisha waya wa ishara mmoja, umeme na hasi. Jaribio la pili likakubali.

Hilo linawezekana kwa sababu waya ule unaongea kwa kanuni zilizoelezwa kwenye nyaraka, na mtu asiyetujua akapata muda wa kuziandikia programu. Nimemlipa kijana soda na chipsi mayai. Kile kifaa rasmi kilifika siku tisa baadaye, sijakifungua.

Tahadhari kwa atakayefuata: toleo la miguu 8 lina pini ya kupakia programu inayotumika pia kwa kazi nyingine. Ukiipa kazi hiyo nyingine mara tu chipu inapoamka, umejifungia nje. Weka kuchelewa kwa sekunde mbili mwanzoni mwa programu. Nimeshajifungia tatu.

Jumamosi, 19 Julai

Shangazi anashona Majengo, barazani, cherehani ya Butterfly ile nyeusi ya kukanyaga. Leo nilimpelekea suruali, nikamkuta amepoteza bobini. Akamtuma mtoto duka la pili, mtoto akarudi na bobini ya kampuni nisiyowahi kuisikia, ya bati jepesi. Ikaingia. Akaendelea kushona kama hakuna kilichotokea.

Nikaishika ile ya zamani aliyoiona baadaye chini ya mkeka. Umbo hili lilitoka kwenye cherehani ya Singer namba 15. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani vilikubaliana kutengeneza cherehani kwa umbo hilo moja, vipuri viingiliane, na Wachina wakafuata njia ile ile. Singer walikuwa ndio cherehani, jina na kitu kilikuwa kimoja. Kilichowapunguza hakikuwa cherehani bora kuliko yao. Ni kwamba bobini ya yeyote iliingia kwenye mashine ya yeyote, hadi Majengo.

"Unaikodolea nini hiyo bobini, mwanangu? Nipe huku."

Waliotangulia kujaribu kufungua chipu ni wengi. OpenRISC ilianza mwaka 2000. Sun walifungua mchoro wa OpenSPARC mwaka 2006, kwa leseni huria kabisa, na ilikuwa chipu ya heshima ya seva. MIPS walitangaza mwishoni mwa 2018 kwamba wanafungua lugha yao, Novemba 2019 wakafunga tena. Baadaye kampuni yenyewe ikahamia kutengeneza viini vya RISC-V. Aliyekuwa mshindani kaja kushona kwa bobini ya jirani. Nadhani tofauti ya RISC-V ni kwamba haikuwa zawadi ya kampuni iliyochoka. Haina mwenye nyumba wa kubadili mawazo.

Na pale inaposhinda haionekani. Western Digital walisema tangu 2017 kwamba wanaihamia kwa viini vya ndani ya vifaa vyao vya kuhifadhi data. NVIDIA wanaitumia kwa viini vidogo vya usimamizi ndani ya kadi zao za michoro. Hao hao ambao ngome yao, CUDA, programu za kukokotoa kwenye kadi zao, imejengwa tangu 2007, nayo ni mfano wa zawadi iliyojengewa ukutani kuliko CMSIS-DSP yangu mara elfu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na RISC-V kumi nyumbani na asijue. Pale penye skrini na programu anazozitaka mtumiaji kwa majina, hali ni nyingine, na hiyo ndiyo habari ya mwezi ujao.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, viwanja vya Nzuguni. Vumbi, watu, matrekta. Nilizunguka mabanda ya umwagiliaji nikiuliza swali moja: ndani ya kisanduku chenu mna chipu gani? Hakuna aliyejua, na sioni kwa nini ajue. Mzee mmoja wa banda la pampu alinijibu vizuri: "Kijana, mteja haniulizi ndani kuna nini. Ananiuliza kikifa nani atakuja."

Nimeiandika hiyo kwenye mkono kwa kalamu, hapakuwa na karatasi.

Jumamosi, 16 Agosti

Kompyuta ya kukusanya data karakanani. Nina VisionFive 2: chipu ya JH7110, viini vinne vya SiFive U74, gigahezi 1.5. Imenunuliwa kwa mtu aliyekuwa anahama mji, amechoka nayo. Tarehe 9 mwezi huu Debian 13, mfumo endeshi wa Linux, imetoka, na ni toleo lao la kwanza linaloitambua RISC-V ya biti 64 rasmi, pamoja na wakubwa. Nimesubiri hilo.

Imewaka. Sehemu iliyonikera ni Python, lugha ya kuandikia programu. Nilizoea kusakinisha maktaba za hesabu kwa njia ya kawaida, ile inayoleta kitu kilichokwisha kujengwa. Kwa RISC-V hakikuwepo, ikaanza kujijengea yenyewe kutoka kwenye matini ya programu. Saa moja. Saa mbili. Feni inalia. Saa ya tatu umeme ukakatika.

Nilipotulia nikakumbuka kwamba Debian wenyewe wameshajenga maktaba hizo kwenye hazina yao. Nikaziomba kwa njia ya Debian, dakika nne, zikakaa. Somo langu dogo: kwenye nyumba ngeni usiagize chakula cha nyumba ya zamani, uliza kwanza jikoni kuna nini.

Tangu Jumatatu inachora michoro ya unyevu ya mistari yote. Mstari wa sita unakauka haraka kuliko mingine. Mjomba anasema anajua, pana kichuguu cha zamani chini yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mavuno yalikwisha mwezi uliopita, mjomba ameuza karibu yote kwa wasindikaji wa mvinyo. Kidhibiti hakijazima tangu Juni.

Juzi Ubuntu 25.10, mfumo ndugu wa Debian, imetoka, na kwa RISC-V inadai chipu zifuate kiwango kinachoitwa RVA23, kilichoidhinishwa Oktoba mwaka jana, chenye kulazimisha maelekezo ya vekta, yale ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja. VisionFive 2 yangu haina vekta. Bodi karibu zote zilizoko mikononi mwa watu hazifikii kiwango hicho. Anayependa Ubuntu atabaki kwenye 24.04, mimi niko Debian, halinigusi leo.

Nimelifikiria siku mbili. Uhuru wa RISC-V unaruhusu kila mtu aongeze maelekezo yake, na kila anayeongeza anafanya programu za mwenzake zishindwe kuwaka kwake. Lazima mtu aseme: bobini ina kipimo hiki, basi. RVA23 ndiyo kipimo hicho, na bila hicho hakuna atakayejenga programu kubwa kwa ajili ya chipu za watu hamsini wenye mawazo hamsini. Nakubali. Ila kipimo kimetangulia duka. Waliojitolea kununua mapema, wakatafuta makosa, wakaripoti, ndio waliobaki nyuma ya mstari. Intel waliendelea kuiheshimu lugha ya 1978 miaka na miaka hata pale ilipowatia aibu, na nadhani nusu ya utawala wao ni huo: kitu chako cha jana hakikuambiwa kiondoke.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mjomba amekuja karakanani na jirani yake wa shamba, mzee mwenye ekari tatu. Amekiona kisanduku. Nikaanza kumweleza viini vya aina mbili, akasikiliza kwa adabu hadi nilipomaliza.

"Sawa, mwanangu. Kikifa, spea naipata wapi?"

Mbele yake nikahesabu. Kwa bodi kubwa: ninazo tatu kabatini, na duka moja la karibu na soko la Majengo limekubali kuweka tano ikiwa nitachukua mbili kila mwezi. Kwa chipu za mistarini: ninazo hamsini kwenye mfuko wa plastiki, zinatosha miaka. Kwa fundi: mimi, kijana wangu, na tangu wiki hii yule mwenzangu wa "rudi kwenye Arm", ambaye ameomba flashi yenye kompaila. Hakusema ni ya nini. Watu watatu. Mzee akaniuliza kama kijana wangu ana mpango wa kuhamia Dar. Kijana akasema hana. Akaulizwa tena, akasema hana.

Tumekubaliana nusu sasa, nusu kikifanya kazi mwezi mzima.

Mjomba akadai kisanduku chake kiandikwe. Nikatoa kalamu nene nyeupe, nikachora ndani ya kifuniko: pini ya boya, pini ya rilei, sensa nne, wapi hasi, wapi chanya, thamani ya rezista. Chini nikaandika kwa Kiswahili namna ya kuwasha pampu kwa mkono. Flashi yenye programu ya lugha zote mbili nimeifunga kwa utepe upande wa ndani. Utepe wa kawaida, maana humo maji hayafiki.

Vya kununua Jumatatu: rezista za kilo-om 2.2, kumi na mbili. Mpira wa kusinyaa, mita tatu. Bomba la nguzo. Silikoni.